Namna ya Kupinga Makadirio ya Kodi Usiyokubaliana Nayo

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa wakilalamikia kero za kodi na namna wanavyofuatwa na watoza kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja, na mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Siwalaumu waliofunga, kwa kuwa mengi waliyoyalalamikia yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, mgomo huzungumzia utaratibu wa nchi nzima, na hauwezi kufuta hati ya makadirio iliyoandikwa jina lako. Siku za kuipinga hati hiyo huendelea kuhesabiwa hata wakati duka limefungwa. Mwongozo huu unahusu hati hiyo moja tu, kwa mfanyabiashara wa Tanzania ambaye amekadiriwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kiasi anachoamini kuwa si haki yake kukilipa.

Jambo la kwanza ni tarehe. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 kinampa mlipakodi siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu alipofikishiwa uamuzi, yaani hati ya makadirio. Hazianzi siku aliyomaliza kubishana na ofisa, wala siku mhasibu aliporudi safari. Kwa sababu hiyo, unapokabidhiwa hati iandike tarehe ya kuipokea, na ikiwa imetumwa kwa njia ya kielektroniki, hifadhi nakala inayoonyesha siku ilipoingia. Wafanyabiashara wengi hupoteza haki yao hapa: huenda ofisini mara kwa mara kulalamika kwa mdomo, huambiwa warudi wiki ijayo, na wanapokuja kuandika barua muda umekwisha na deni limekuwa deni. Unaweza kuzungumza na ofisa upendavyo, lakini maneno yaliyosemwa kaunta si pingamizi. Ikiwa ulikuwa nje ya nchi, ulikuwa mgonjwa au una sababu nyingine ya msingi, sheria inakuruhusu kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo nalo liwe la maandishi na lipelekwe mapema, kabla siku hazijaisha.

Baada ya hapo, isome hati kwa utulivu ili ujue hasa unachokipinga. Kusema kwamba kodi ni kubwa mno hakumsaidii mtu yeyote. Tafuta namna mkadiriaji alivyoifikia namba yake, na kama hati haielezi, omba maelezo kwa barua bila kusimamisha maandalizi yako. Mara nyingi utakuta kwamba fedha zote zilizoingia katika akaunti ya benki au ya simu zimehesabiwa kuwa mauzo, ilhali ndani yake mna mkopo, mgawo wa kikoba, fedha ulizohamisha kutoka akaunti yako moja kwenda nyingine, au fedha za wateja wa uwakala wa miamala ambazo zako ndani yake ni kamisheni pekee. Wakati mwingine risiti za manunuzi zimezidishiwa faida ya kudhaniwa isiyolingana na bidhaa unazouza, au mzigo ulioharibika na kurudishwa haukuondolewa. Kila kosa la namna hiyo ni hoja inayojitegemea, na kila hoja inahitaji karatasi yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa katika mashauri ya rufani za kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa humwangukia mlipakodi, si aliyemkadiria. Unaweza kuona kwamba mambo yamepinduliwa, na binafsi naona hivyo, lakini ndivyo sheria ilivyo, nayo inakutaka uhifadhi kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Daftari la mauzo ya kila siku, risiti za mashine za kielektroniki (EFD), taarifa za benki na za simu, mikataba ya mikopo na hati za kupokelea mizigo ndizo zitakazosema kwa niaba yako. Kwa mfanyabiashara mdogo daftari hilo hupunguza hata kodi yenyewe: kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka alitakiwa kulipa 100,000 ikiwa hana kumbukumbu, na 60,000 tu ikiwa anazo.

Barua ya pingamizi haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Iwe na jina lako, namba ya utambulisho wa mlipakodi, namba na tarehe ya hati inayopingwa, mwaka wa mapato unaohusika, kiasi unachokikubali na kiasi unachokikataa, kisha hoja moja baada ya nyingine. Hoja nzuri huandikwa hivi: “Makadirio yamehesabu shilingi 9,400,000 zilizoingia katika akaunti yangu tarehe 12 Machi kuwa ni mauzo, ilhali fedha hizo ni mkopo wa benki, kama mkataba ulioambatishwa unavyoonyesha.” Malizia kwa kueleza unachotaka kifanyike, yaani makadirio yafutwe au yapunguzwe hadi kiasi fulani. Malalamiko kuhusu hali ya uchumi na matusi kwa ofisa yaache nyumbani. Hakikisha pia unabaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, au uthibitisho wa mfumo kama umewasilisha kwa njia ya mtandao. Kama kuna mtu anayekushauri myamalize pembeni, kumbuka kwamba makubaliano ya pembeni hayana nakala.

Pingamizi halipokelewi mpaka uwe umelipa, ndani ya siku zilezile 30, kodi usiyoibishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ni kipi kikubwa. Wengi husikia neno “theluthi” na kusahau sehemu nyingine. Tuseme umekadiriwa shilingi 3,000,000. Ikiwa unakubali kwamba unadaiwa 1,800,000, hicho ndicho unacholipa, kwa kuwa kinazidi theluthi, ambayo ni 1,000,000. Ikiwa unaamini unadaiwa 600,000 tu, bado utalipa 1,000,000, yaani 400,000 zaidi ya unachokiri, ili usikilizwe. Kadiri makadirio yanavyokuwa makubwa kupita kiasi, ndivyo kiingilio cha kuyapinga kinavyopanda, na sioni namna ya kuutetea utaratibu huo mbele ya mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye rafu. Nchini Kenya, mlipakodi anayepinga hudaiwa kulipa kwanza ile kodi asiyoibishania peke yake. Hata hivyo, hapa Tanzania Kamishna Mkuu ana uwezo wa kupunguza au kusamehe malipo hayo iwapo kuna sababu za kutosha. Iombe nafuu hiyo kwa barua tofauti, ukiambatisha taarifa ya benki inayoonyesha salio halisi na maelezo ya namna malipo hayo yatakavyosimamisha biashara, na uipeleke mapema, kwa sababu ukikataliwa siku ya 29 utakuwa huna pa kushika.

Pingamizi likishapokelewa, Kamishna Mkuu anaweza kuyarekebisha makadirio, au akakuandikia mapendekezo yake, nawe una siku 30 za kuyajibu. Usiyaache bila jibu hata kama unaona hayana jipya. Uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya miezi 6. Ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, nawe hupata haki ya kukata rufani. Kenya, Kamishna asipoamua ndani ya siku 60 pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Andika miezi hiyo 6 ya Tanzania kwenye kalenda yako, maana hakuna atakayekukumbusha.

Malalamiko yanayohusu mwenendo wa watumishi au ucheleweshaji, na si hesabu za kodi, yapelekwe kwa Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, ofisi iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Ukimwendea, usisimamishe pingamizi kwa kumsubiri.

Usiporidhika na uamuzi wa mwisho, nenda Bodi ya Rufani za Kodi: taarifa ya kusudio la kukata rufani huwasilishwa ndani ya siku 30, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, zote tangu ulipofikishiwa uamuzi huo. Kwa hatua hii mtafute mshauri wa kodi au wakili, kama kiasi kinachobishaniwa kinazidi ujira wake. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria pekee, kwa hiyo risiti, daftari na mkataba wa mkopo viwe vimekwishawekwa mbele ya Bodi.