Kujenga stendi ya mita so nyumbani: kila kitu kifuate bamba la mashine

Ukiwa na mita so, yaani msumeno wa umeme unaoshushwa juu ya ubao kuukata kwa pembe, bila meza ya maana, una nusu ya mashine. Ubao wa futi 10 ukining'inia upande mmoja, itabidi uuinue kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishusha bledi, na mkato utatoka umekwenda upande hata kama bledi ni mpya kabisa. Mbaya zaidi, ubao ukilegea na kushuka bledi ikiwa katikati, unaibana bledi na mashine inaruka. Hapo ndipo vidole huumia.

Kwa hivyo nawasihi wote wanaofanyia useremala nyumbani: kabla hujaongeza mashine nyingine, jenga stendi. Kazi yenyewe haitishi. Jambo moja tu halitaki haraka: meza ya kushoto, bamba la mashine (pale ubao unapolala ukikatwa) na meza ya kulia ziwe usawa mmoja, kama uso wa maji. Droo, makabati ya chini na rangi vitasubiri.

Banda langu la mabati liko nyuma ya nyumba hapa Lanet, Nakuru, futi 16 kwa 10. Humo natengeneza vitanda, kabati za jikoni na milango ya ndani. Stendi imeegemea ukuta mrefu: meza ya kushoto futi 6, nafasi ya mashine inchi 30, meza ya kulia futi 4. Upande mrefu uko kushoto kwa sababu huko ndiko ninakoshikilia ubao. Kama wewe unatumia mkono wa kushoto, geuza.

Kabla ya kukata chochote, weka mashine sakafuni na uzungushe mkono wake hadi nyuzi 45 kushoto, kisha kulia, uone unafika wapi. Nafasi ya katikati ikiwa nyembamba, mkono utagonga meza kila ukitaka kukata pembe. Ikiwa mashine yako ni ile ya kuteleza, ambayo bledi huenda mbele na nyuma kwenye reli, angalia pia reli zinavyotoka nyuma. Aina nyingi zitakulazimisha kusogeza stendi mbali na ukuta. Yangu ya inchi 10 haitelezi, inakata upana wa inchi 5 na nusu hivi kwa mara moja, na inakaa karibu na ukuta bila shida.

Mbao

Fremu nimetumia saiprasi ya inchi 3 kwa 2, juu plaiwudi ya milimita 18. Saiprasi yetu nyingi hushuka kutoka Elburgon na Molo, na pale kwenye yadi utauziwa kwa futi. Usichukue ya juu ya rundo tu. Inua kila ubao, uutazame kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mwisho kama unavyotazama mshale, na uwe na ujasiri wa kumwambia mwenye yadi, "Mzee, huu umejipinda, nitolee mwingine." Serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, saiprasi niliyokuwa nikiletewa ilikuwa zaidi ya mashambani, changa, yenye mafundo mengi. Ikiwa mbichi, ipange bandani na vijiti katikati ya kila safu, hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Ukijengea mbichi, fremu itajikunja baadaye na usawa wote utapotea.

Chipbodi siipendekezi kwa juu. Hukaa vizuri mwanzoni, kisha hulegea katikati ya miguu.

Nafasi ya katikati kwanza

Wengi hujenga meza mbili halafu wanahangaika kuipandisha mashine ifikie usawa wake. Fanya kinyume. Pima kutoka chini ya miguu ya mashine hadi juu ya bamba lake. Tuseme ni inchi 3 na nusu, na unataka sehemu ya kukatia iwe inchi 36 kutoka sakafuni, ambayo ni juu kidogo ya kifundo cha mkono kwa mtu wa kimo cha kawaida. Rafu ya mashine itakaa inchi 32 na nusu. Unganisha fremu kwa gundi nyeupe na skrubu za inchi 3, ukitoboa kwanza ili mbao zisipasuke, kisha funga mashine kwenye rafu kwa boliti nne. Kuanzia hapo mashine haiguswi. Kila kitu kingine kinaifuata.

Sakafu za mabanda yetu haziko sawa, nyingine ni udongo. Toboa chini ya kila mguu, pigilia nati ndani ya tundu, ingiza boliti ndefu. Ukiizungusha kwa spana, mguu unapanda au kushuka kidogo kidogo. Mbao pia zinakaa juu ya sakafu, mchwa na maji ya mvua hayazifikii kwa urahisi.

Kusawazisha

Hapa tenga nusu siku na usipokee simu. Tafuta ile aluminiamu ndefu ambayo mafundi wa ujenzi hutumia kukokota plasta. Ihakikishe kwanza: chora mstari kando yake juu ya plaiwudi, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilala pamoja, imenyooka. Iweke juu ya bamba la mashine, ivuke hadi kwenye meza, halafu zungusha boliti za miguu mpaka mwanga usionekane chini yake.

Kwa meza ndefu, uzi wa mwashi unashinda kila kifaa. Kata vipande vitatu vidogo kutoka kwa plaiwudi moja ya milimita 3. Kimoja kiweke mwisho wa kushoto, kingine mwisho wa kulia, uvute uzi juu yake hadi ulie ukiugusa. Kipande cha tatu kitembeze chini ya uzi kutoka mwisho hadi mwisho. Kinapoinua uzi, meza imepanda. Mwanga unapoonekana, imeshuka. Utashangaa jinsi kidole kinavyoanza kuhisi tofauti ambayo jicho halioni.

Ukishindwa kufikia usawa kamili, acha meza iwe chini ya bamba kwa nusu milimita, isiwe juu kamwe. Meza ikiwa juu, inauinua ubao kutoka kwenye bamba, na hakuna mkato utakaotoka mraba.

Fensi na kikomo

Fensi ni ukingo wa nyuma ambao ubao huegemea. Za pembeni nimetengeneza kwa vipande viwili vya plaiwudi vilivyogandishwa pamoja. Zirudishe nyuma ya fensi ya mashine kwa milimita moja hivi, ili pembe iamuliwe na mashine peke yake. Chini yake acha upenyo wa milimita 3 unga wa mbao upite. Unga ukikwama pale kona, ubao hauegemei vizuri.

Kisha thibitisha mashine yenyewe. Kata ubao mpana mara moja katikati, geuza kipande kimoja juu chini, vikutanishe tena vikiwa vimeegemea fensi. Pengo utakaloliona ni kosa la pembe mara mbili, kwa hiyo hata dogo litajionyesha.

Kikomo ndicho kitakachokupa furaha: kipande cha mbao ngumu kinachobanwa kwenye fensi kwa klempu, ili vipande ishirini vya miguu vitoke urefu mmoja bila kupima tena. Kikate kona ya chini ili unga usikizuie. Bandika tepu ya kupimia juu ya fensi, lakini usiamini namba zake kabla ya kukata kipande, kukipima, na kusogeza tepu ilingane nacho. Na kumbuka: kikomo kinakaa upande mmoja tu, ule unaoshikilia kwa mkono. Kipande cha upande wa pili lazima kiwe huru. Kikifungwa kati ya bledi na kikomo, kitarushwa.

Vumbi na stima

Nyuma ya mashine nimeweka boksi la plaiwudi lililo wazi mbele, na bomba la kuvuta vumbi chini yake. Vaa barakoa hata hivyo. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 240 inavuta ampea 7.5. Tumia waya wa milimita mraba 2.5, na kama ni ekstensheni ya kuzungusha, ifungue yote kwa sababu ikiwa imeviringwa hupata moto. Stima ikipotea bledi ikiwa ndani ya ubao, achilia swichi mara moja, ngoja bledi isimame, chomoa plagi, ndipo uinue mkono wa mashine.