Ukitaka kuwauliza wazee wa Pemba habari za Popobawa

Usiende msimu wa karafuu, watu wote wako mashambani. Wala usiende usiku. Mimi mzaliwa wa Wete, na hupenda baada ya alasiri, kahawa ikiwa barazani na kipande cha halua mkononi. Salimia mpaka salamu ziishe, uliza mvua, uliza mikarafuu ilivyozaa. Wajukuu wakiwa wamekaa karibu, subiri waondoke.

Usimuulize mtu, "Bibi, alikufanya nini?" Husemwa kwamba Popobawa, kiumbe cha kutisha cha usiku, huwaingilia watu vitandani, wanaume na wanawake, na kumdai mtu mzima akueleze hilo ni kumvua nguo hadharani. Uliza hivi: "Mwaka ule mlilala wapi?" Hapo ndipo utasikia namna mikeka ilivyotolewa nje, jamaa na majirani wakalala pamoja kando ya moto, huyu anasoma Ayatul Kursiy, yule anachochea kuni. Wapo wanaoamini kuwa aliyeingiliwa akificha, hurudiwa. Basi ukiambiwa siri, sikiliza tu. Jina lake usiliandike.

Mwaka utaupata kwa kuuliza: "Ilikuwa kabla ya uchaguzi au baada?" Wengi watakupeleka 1995, hofu ilipoanzia Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar es Salaam. Oktoba ya mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi wa vyama vingi, na wako waliosema kiumbe kile kimetumwa na chama cha upande wa pili. Andika unavyoambiwa, usibishane. Wazee zaidi watakurudisha miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kuhusu umbo, kila masimulizi yaache yalivyo. Mmoja atakwambia jicho moja na mbawa za popo. Mwingine hakuona chochote ila kivuli, harufu kali, na uzito kifuani uliomfanya ashindwe hata kuita. Hali hiyo ya mwisho madaktari wanaijua: akili imeamka, mwili bado umelala, ndilo jinamizi. Hayo yaandike ukirudi kwako. Ukimkatiza mzee kwa maelezo ya hospitali, hatakusimulia tena, na mimi nitamuunga mkono.

Sasa jambo ninalolisisitiza kwa kila kijana ninayempeleka kwa wazee. Mwaka 1995 mjini Unguja, kijana mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye Popobawa. Kwa hiyo msimulizi akimtaja jirani kuwa ndiye aliyemtuma, jina hilo lifute daftarini na kwenye sauti uliyorekodi kabla hujampa mtu mwingine asikilize. Haijalishi kwamba imepita miaka mingi. Aliyetajwa ana watoto, na watoto wake wanaishi mtaa uleule.

Kabla hujaaga, msomee yote uliyoandika, akusahihishe. Akisema pahala fulani futa, futa palepale mbele yake.