Somo: Kuunganisha umeme, kemia na mkazo ndani ya chembe moja ya betri

Swali la jinsi ya kuunganisha umeme, kemia na mkazo katika hesabu moja huletwa mara kwa mara na wanafunzi wa hapa Dodoma wanaoandika tasnifu kuhusu betri za lithiamu, kwa hiyo ninaliandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya 1. Chukua chembe moja ya kinywe (grafiti, kaboni ya elektrodi hasi ya betri) yenye umbo la tufe na rediasi ya mikromita 5.

Hatua ya 2. Andika mlinganyo wa usambaaji wa Fick, unaoeleza jinsi ukolezi wa lithiamu, c, unavyobadilika ndani ya chembe. Kigezo cha usambaaji D kikiwa 10⁻¹⁴ m²/s na R ikiwa rediasi, R²/D, yaani makadirio ya muda wa lithiamu kusambaa, ni sekunde 2,500.

Hatua ya 3. Gawanya mkondo wa umeme wa kila mita ya mraba ya uso kwa 96,485 C/mol ya Faraday upate mtiririko wa lithiamu usoni. Volteji itafuata mlinganyo wa Butler na Volmer, unaohusisha mkondo na volteji kwenye uso wa chembe.

Hatua ya 4. Kinywe hutanuka kwa takriban asilimia 10 ya ujazo kikijaa lithiamu. Tumia unyumbufu wa kawaida kukokotoa mkazo, na uache uso wa tufe huru.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Potenshali ya kemikali ni μ = μ₀ + RT ln c − Ωσ, ambapo R hapa ni namba ya gesi (si rediasi), T ni joto kwa kelvini, Ω ni ujazo unaoongezwa na moli moja ya lithiamu, σ ni wastani wa mikazo mitatu na mkazo wa kuvuta huhesabiwa chanya, kwa sababu sehemu iliyovutwa huikaribisha lithiamu na iliyobanwa huisukuma nje. Ukilitatua tufe hili, mkazo unageuka kuwa usambaaji wenye D(1 + θc), θ ikiwa 2EΩ²/[9(1−ν)RT], E ikiwa moduli ya unyumbufu na ν uwiano wa Poisson. Kwa E ya GPa 15, ν ya 0.3, Ω ya 3.5 × 10⁻⁶ m³/mol na c ya 15,000 mol/m³, usambaaji huongezeka kwa takriban asilimia 35. Onyo: vitabu vingine huhesabu mkazo wa kubana kuwa chanya; ukichanganya alama, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa, D yaweza kushuka chini ya sifuri, na hesabu italipuka. Kabla ya kuamini mchoro wowote, weka Ω sawa na sifuri uone kama Fick anarudi, kisha hakikisha wastani wa σ katika ujazo wote wa tufe ni sifuri.

Swali: Mkuu, naomba kodi ya programu ya kompyuta, tasnifu ni Ijumaa.
Jibu: Milinganyo imo hapo juu. Kodi sitoi.

Swali: Nimefuata kila kitu, majibu hayaeleweki. T nimeweka 30.
Jibu: Hukufuata kila kitu. Nyuzi 30 ni kelvini 303.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ikiwa mkazo unabadili potenshali, mbona hatuuoni kwenye volteji?
Jibu: Marahaba, umeuliza vema. Upo, ila ni mdogo: gawanya Ωσ kwa namba ya Faraday, na megapaskali 10 zitakupa milivolti 0.36 tu. Kwa silikoni, ambayo ujazo wake huongezeka kwa hadi takriban asilimia 300 na mikazo yake hukaribia gigapaskali 1, ni makumi ya milivolti, na huko hupaswi kuupuuza.

Swali: Na kupasuka, mwalimu, huanzia wapi?
Jibu: Lithiamu inapoingia, uso hutanuka kwanza, hivyo hubanwa na kiini huvutwa. Inapotoka, uso ndio huvutwa, na nyufa za usoni hufunguka wakati huo. Chora mikazo ya pande zote mbili za mzunguko, si ya kuchaji peke yake.

Swali: Umeme ulikatika hesabu ikiwa katikati.
Jibu: Hifadhi c ya kila nukta kwenye faili baada ya kila hatua mia moja za muda, uanzie hapo.