SOMO: Kitabu cha zamani kimepitia mikono ya nani? Hatua kwa hatua

Asalaam aleikum jamani. Wengi hapa Mji wa Kale, Mombasa, tuna sanduku la vitabu vya wazee, chapa ya Bulaq kule Misri, chapa ya mawe ya Bombay (maandishi ya mkono yaliyochapwa kwa jiwe), na swali ni lile lile, kabla ya kufika kwetu kilikuwa cha nani? Nawaeleza vile mie hufanya.

Kwanza kabisa, usikimbilie kukijalidi upya! Cha babu yangu nilikipeleka kwa fundi, kikarudi kinang'ara lakini karatasi za mbele zishatupwa, na hapo ndo palikuwa na mwandiko wake na jina la aliyempa. Mpaka leo huniuma. Majina ya wenyewe hukaa pale watu wanapopaona takataka: ndani ya jalada, karatasi tupu za mwanzo na mwisho, pambizoni.

Hatua ya 1: piga picha kila kitu, hata usichoweza kusoma.

Hatua ya 2: jua kimechapwa lini. Vitabu vya Bulaq (ile matbaa, yaani kiwanda cha kuchapa, ya Misri iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1820) mara nyingi habari hiyo iko mwisho wa kitabu, maandishi yanapungua kama pembetatu kwenda chini, na mwaka ni wa Hijria. Gawa mwaka kwa 33, jibu litoe kwenye mwaka wenyewe kisha ongeza 622. Mfano 1310, ukigawa unapata kama 40, inabaki 1270, jumlisha 622 ni 1892. Sasa mtu akikwambia alikinunua babu yake aliyekufa 1885, ushajua hapo kuna kasoro.

Hatua ya 3, hii ndo nyama yenyewe. Tafuta "milki ya fulani", "wakfu", bei aliyonunulia, tarehe za watoto kuzaliwa, maana wazee wetu waliziandika humo. Nakili kama ilivyo, usirekebishe herufi. Jina likikushinda, tafuta herufi zake kwenye maneno mengine ya mkono huo huo ulinganishe. Palipofutwa, zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi, makwaruzo yatajitokeza. Halafu jaribu ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia dukani: wino wa zamani uliofifia mara nyingi hunywa ule mwanga, herufi zikatoka nyeusi.

Hatua ya 4: mihuri. Muhuri wa duka unakwambia kiliuzwa wapi, si nani alikuwa nacho. Angalia pia matundu ya wadudu, yakipita karatasi kumi kisha yakakatika ghafla kwenye moja, hiyo moja huenda imetiwa baadaye.

Hatua ya 5: panga majina kwa wakati, na kila jina andika umelipata ukurasa gani. Pengo liache pengo, usilijaze kwa kubahatisha. Hivi ndivyo wanavyofanya Ulaya kwa vitabu vilivyochapwa kule kabla ya 1501, wana hazina ya kumbukumbu inaitwa MEI (Material Evidence in Incunabula), bure kwenye intaneti, kila nakala na wenyewe wake, mahali na muda.

MASWALI

Dada wa Kisauni: Kitabu cha marehemu baba kimeandikwa wakfu wa msikiti, Lamu. Naweza kukiuza?

Jibu: Dada yangu, wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Huenda mzee aliazima tu akasome. Soma jina la msikiti uwatafute wenyewe. Kama ni Riyadha, maandiko yao yalipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na yako kwenye intaneti, waweza kulinganisha maneno ya wakfu.

Kaka wa Likoni: Nimeuziwa kamusi ya Kiswahili ya Krapf, yule mmishonari Mjerumani, muuzaji asema sahihi iliyo ndani ni yake Krapf mwenyewe.

Jibu: Kamusi ile ilitoka London 1882, na Krapf alifariki Novemba 1881. Sahihi si yake, lakini usiitupe ndugu yangu, huenda hilo ni jina la mtu mwengine aliyekuwa nacho, anzia hapo.

Mwanafunzi: Maalim, kuna namba za penseli pembeni, nizifute?

Jibu: Usifute mwanangu. Mara nyingi ni bei au alama ya muuzaji, na ukiikuta alama hiyo hiyo kwenye kitabu chengine utajua vilipita duka moja.