Dirisha likiganda, tatizo si RAM

Ukitengeneza programu ya Windows kwa lugha ya C#, siku moja utabofya kitufe cha "Pakia" na dirisha litaganda. Linapauka, na juu yake panaandikwa kwamba programu haiitikii. Wengi hukimbilia kulaumu kompyuta, kwamba RAM (kumbukumbu yake) haitoshi.

Dirisha lina thredi moja (njia ya utekelezaji inayofanya kazi moja baada ya nyingine) inayochora vitufe na kupokea mibofyo. Ukiitwisha pia kusoma rekodi 50,000 kutoka hifadhidata, haipati nafasi ya kuitika. Zikipita sekunde 5 hivyo, Windows inaihesabu kuwa imekwama.

Kazi nzito iweke ndani ya Task.Run, inayoihamishia thredi nyingine, kisha isubiri kwa await, inayosubiri bila kuizuia thredi ya dirisha. Kwenye WinForms (zana ya C# ya kutengeneza madirisha), ndani ya metodi ya kitufe yenye neno async, linaloruhusu kutumia await:

kitufe.Enabled = false;
var orodha = await Task.Run(() => SomaRekodi());
jedwali.DataSource = orodha;
kitufe.Enabled = true;

Mstari wa jedwali uko nje ya Task.Run kwa makusudi. Baada ya await unarudi kwenye thredi ya dirisha, na hapo tu ndipo ruhusa ya kugusa jedwali ilipo. Mstari wa mwisho ni bora uwe ndani ya finally (sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea), la sivyo hitilafu ikitokea kitufe kitabaki kimezimwa.

Nakusihi jambo moja: ukiwa kwenye thredi ya dirisha, usiite metodi ya async kisha ukadai jibu kwa .Result, ambayo huisimamisha thredi mpaka jibu lije. Dirisha litaisubiri kazi imalizike, na kazi nayo itasubiri dirisha liiachie thredi. Hilo lilinila jioni nzima, maana halitoi ujumbe wowote wa kosa.