PCOS baada ya miaka 40: vipimo, sahani na dalili zisizongojwa

Wanawake wengi wenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga hedhi na utokaji wa mayai, huona hedhi ikianza kupangika wanapokaribia miaka 40, wakaacha kliniki. Wasiache. Mwili bado unaikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na ukaidi huo ndio unaoleta kisukari cha aina ya 2, presha na mafuta mabaya kwenye damu.

Anza na sukari. Kupima kidole asubuhi pekee hakutoshi, maana kwenye PCOS sukari ya kabla ya kula inaweza kuwa sawa huku ya baada ya kula imepanda. Omba kipimo cha kunywa glukosi. Siku tatu kabla yake, kula ugali wako kama kawaida. Ukijinyima wanga, majibu yanaweza kupanda isivyo kweli. Usiku wa mwisho usile kwa saa 8 hadi 12. Maji ruhusa, chai hapana, hata ya rangi. Damu ya kwanza ikishatolewa, kunywa gramu 75 za glukosi kwa muda wa dakika 5, kisha keti saa 2. Ukitoka kwenda kuzunguka soko la Kibuye, misuli itatumia sukari hiyo na majibu yatashuka. Baada ya saa 2, chini ya 7.8 mmol/L ni sawa, 7.8 hadi 11.0 ni onyo, 11.1 na zaidi ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudia kipimo ili kuthibitisha. Rudia kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Presha ipimwe kila mwaka.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga: managu, kunde, mrenda. Robo iwe samaki, omena au maharagwe, na robo iliyobaki ugali. Ugali wa wimbi nao ni wanga, kwa hiyo upime vilevile. Sukari ya chai ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, na siku 2 fanya kazi ya kukaza misuli. Kupalilia kwa jembe kunahesabika.

Ukiandikiwa metformin, dawa inayousaidia mwili kuitikia insulini, huanza na miligramu 500 pamoja na chakula, ikiongezwa polepole kila wiki 1 au 2. Wengi huiacha kwa sababu ya kuhara, na mara nyingi kosa ni kuongeza haraka au kuinywa tumbo likiwa tupu. Ukiitumia miaka mingi na miguu ikaanza kufa ganzi, omba vitamini B12 ipimwe.

Usisahau mfuko wa uzazi. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni inayodhibiti utando wa mfuko huo, haipatikani, na utando wa ndani huendelea kunenepa. Hapo ndipo hatari ya saratani ya utando huo huongezeka. Hedhi ikikosekana zaidi ya siku 90, na huna mimba, mwone daktari. Anaweza kukupa vidonge vya homoni vya siku 10 hadi 14 ili utando utoke, au koili yenye homoni.

Mimba nayo bado yawezekana, hata kwa aliyeitafuta kwa miaka. Endelea na uzazi wa mpango hadi hedhi ikome mwaka mzima kama umepita miaka 50, au miaka 2 kama hujafika. Hedhi ikishakoma hivyo, damu yoyote, hata tone moja, ipeleke hospitali wiki hiyohiyo: utahitaji altrasaundi, na huenda kipande cha utando kikachukuliwa kupimwa maabara.