Jinsi ya kufuatilia uvumi wa matokeo mpaka kituoni

Uvumi wa uchaguzi mara nyingi hujengwa juu ya kitu cha kweli. Agosti 2022, jioni ileile, runinga moja ya Kenya ilimweka Ruto mbele na nyingine ikamweka Raila. Zote zilisoma Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC. Ila palikuwa na vituo 46,229, na kila chumba cha habari kilijumlisha kwa mpangilio wake. Picha ya skrini moja na maneno "wanaiba" vilitosha kuwasha vikundi vya WhatsApp.

1. Angalia mishale. Mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha umesambazwa mara nyingi. Lakini picha iliyohifadhiwa kwenye simu kisha ikatumwa upya haibebi alama hiyo, kwa hiyo ujumbe usio na mishale usikutulize.

2. Dai jina la kituo. Muulize aliyetuma: kituo gani, eneo bunge gani? Akijibu "kila mtu anajua", hapo huna cha kukagua.

3. Fungua fomu yenyewe. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Uvumi unaonirudia sana ni wa "fomu mbili za shule moja zenye kura tofauti". Shule moja huwa na vituo kadhaa, na kila kituo kina fomu yake. Soma msimbo wa kituo ulioandikwa kwenye fomu: tarakimu mbili za mwisho, 01, 02 na kuendelea, ndizo zinazovitenganisha. Kisha jumlisha kura za wagombea mwenyewe. Mwaka 2022 kituo hakikuzidi wapiga kura 700, hivyo anayekuambia kura 1,500 pengine amejumlisha shule nzima, au amebuni. Mwisho tazama sahihi za mawakala wa vyama, na kama kuna mtu aliyepiga picha nakala iliyobandikwa mlangoni, zilinganishe.

4. Tafuta umri wa picha. Ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google. Picha za masanduku ya kura ya 2017 hufufuliwa kila uchaguzi.

5. Jibu palepale ulipoupata. Weka fomu kwanza, maelezo mafupi baadaye. Usiirudishe ile picha ya uongo, hata ukiichora msalaba mwekundu. Wengine wataikata na kuisambaza tena.

Ukikuta tofauti ya kweli, usiimalizie mtandaoni. Mpe wakala wa chama au wakili nakala zote mbili upesi: kesi ya kupinga matokeo ya urais hufunguliwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa.